Barafu Iliyoambiwa Kaa

Kila alfajiri, saa kumi na moja kasoro robo, Bubu alivaa mabuti ya mpira, akajifunga aproni ya turubai, akaingia chumba cha kalibu. Kalibu zilikuwa mia moja na ishirini, masanduku marefu ya bati yaliyozamishwa hadi shingoni ndani ya tangi la maji ya chumvi, safu kumi, kila safu kalibu kumi na mbili. Safu ya nne ilikuwa yake. Winchi iliinua kalibu, yeye akaiongoza hadi kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akahesabu hadi ishirini, akaiinamisha, na pande la barafu likatoka zima, kilo ishirini na tano, likifuka moshi mweupe. Hapo alilipiga kofi na kusema, "Nenda." Pande likateleza kwenye ubao hadi kwa wapakiaji.

Kofi na neno hilo vilikuwa desturi ya kiwanda. Hakuna aliyejua nani alianza. Mfanyakazi mgeni alifundishwa mambo matatu: asivae pete, asiguse bati kwa ulimi, na asiache barafu itoke bila kuagwa. Wengine waliaga kwa sauti, wengine kwa mnong'ono. Bubu aliaga kwa sauti ya kawaida, na kwa kuwa siku nyingine hilo ndilo lilikuwa neno lake pekee mpaka saa sita mchana, wenzake walimwita Bubu. Hakuwa bubu. Alikuwa tu hana la kuongeza.

Mwaka ule joto lilikuja mapema na halikuondoka. Msimu uliokuwa ukichukua miezi mitatu ulichukua sita. Mabwawa yalipungua, umeme ukaanza kukatwa kila siku kuanzia saa tatu asubuhi hadi jioni, na friji za watu zikageuka kuwa makabati. Kiwanda kilikuwa na jenereta yake. Foleni getini ilifika hadi kwenye duka la dawa, na meneja akawa anakuja kazini akipiga mluzi.

Bubu alikuwa na binti mmoja, wa miaka kumi na minne, mgonjwa wa sukari. Alijidunga sindano asubuhi na jioni, na chupa za dawa yake zilitakiwa kukaa kwenye baridi. Muuguzi wa zahanati aliwaeleza wazazi bila kuzunguka.

"Dawa hii ikipata joto inakufa. Haibadilishi rangi, hainuki. Lakini imekufa. Mtakuwa mnamdunga mtoto maji."

Kwa hiyo kila siku Bubu alibeba robo pande nyumbani, amelifunga kwa gunia na unga wa mbao. Ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Akifika, gunia lilikuwa limelowa na robo imekuwa kitu cha ukubwa wa tofali. Alfajiri ya pili tofali lilikuwa limeshakuwa maji.

"Mume wangu," mkewe alimwambia siku moja akilikamua gunia, "umeniletea barafu au habari za barafu?"

Mwezi wa pili wa joto dawa ilikufa mara mbili. Mara ya pili binti alianguka jikoni, akabebwa mgongoni na mama yake hadi zahanati, akalala huko siku tatu. Siku ya nne, Jumanne, Bubu alirudi kazini, akavaa mabuti, akainamisha kalibu ya kwanza. Pande likatoka. Akalipiga kofi, akasema, "Kaa."

Pande lilisita kidogo kwenye ubao, kisha likateleza kama kawaida. Mpakiaji aliyelipokea aliwageukia wenzake.

"Jamani, Bubu kaongeza neno la pili. Mwakani atatuhutubia."

Siku hiyo mapande yote kumi na mawili ya safu ya nne aliyaambia hivyo. Jioni alibeba robo yake nyumbani. Alipofungua gunia, unga wa mbao ulikuwa mkavu na robo ilikuwa robo. Kesho yake ilikuwa robo. Wiki ilipokwisha ilikuwa bado robo, baridi kama ilivyotoka, pembe zake kali kiasi cha kukwaruza mkono.

Binti aliigusa kwa kiganja, akakiangalia kiganja.

"Baba, hii haitoi jasho."

"Imeambiwa ikae."

"Aa," binti akasema, akapanga chupa zake juu yake na kufunika kwa gunia.

Dawa ikawa hai. Baada ya mwezi mashavu yake yalirudi, akaanza tena shule, akaanza tena kubishana na mama yake kuhusu nani aoshe vyombo. Mama yake alipenda ule ubishi kuliko alivyowahi kuonyesha. Barafu ilikaa chini ya kitanda cha binti. Chumba kilikuwa na ubaridi mzuri, na usiku wote watatu walihamishia mikeka humo.

Bubu aliendelea kusema kaa. Mapande ya safu ya nne yalitawanyika mjini bila kuchagua. Moja lilikwenda kwa mchinjaji, na nyama ikaacha kunuka. Moja lilikwenda zahanati, likawekwa kwenye kabati la chanjo. Jirani yao, mama muuza samaki, alinunua nusu pande, akaiweka chini ya samaki wake, na hakuonekana tena kiwandani. Muuza juisi alipasua pande lake vipande vidogo, na kwa kuwa vipande navyo havikuyeyuka, aliwaomba wateja watu wazima wateme barafu kwenye bakuli kabla ya kuondoka. Walitema. Aliziosha na kuzitumia tena. Hakuna aliyeona ajabu; watu waliona nafuu, na nafuu mtu haiulizi ilikotoka.

Kiwandani ndiko walikouliza. Foleni ilipungua kutoka duka la dawa hadi kwenye mti, kutoka kwenye mti hadi getini, na joto lilikuwa palepale. Meneja aliacha kupiga mluzi. Kwanza alishuku kiwanda kingine, lakini hakikuwepo. Kisha akashuku kwamba watu wamezoea joto. Mwishowe alimtuma karani na karatasi za maswali, apite mlango kwa mlango.

"Unaridhika na barafu yetu?" karani alimuuliza mama muuza samaki.

"Mno."

"Utanunua nyingine lini?"

"Labda nikiolewa tena, mwanangu. Na sina mpango."

Karani alirudi na karatasi mia mbili. Wateja wote walikuwa wameridhika kupita kiasi. Meneja alizisoma jioni nzima, na asubuhi akamwita Bubu ofisini. Juu ya meza palikuwa na kipande cha barafu kwenye sahani. Sahani ilikuwa kavu.

"Hiki ni chako."

"Ndiyo, bosi. Safu ya nne."

"Nimekiweka hapa tangu Ijumaa. Unakiambia nini?"

"Kaa."

Meneja alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa tairi lina pancha.

"Wewe ni fundi mzuri, Bubu. Hilo nalijua. Lakini umesikia ule usemi, chema chajiuza, kibaya chajitembeza? Mimi nimefanya biashara miaka ishirini. Chema kinajiuza mara moja. Mara moja tu. Kibaya kinajitembeza kila asubuhi, na kila asubuhi kinarudi na pesa. Sisi tunauza kuyeyuka, bwana. Barafu ni chombo chake tu."

"Nina mgonjwa nyumbani, bosi."

"Pole sana. Kila mtu ana mgonjwa."

Mchana huo karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha kalibu: neno la kutolea barafu ni nenda, na atakayetumia neno jingine atakuwa amejitoa mwenyewe. Bubu alirudi kwenye nenda. Hakuona shida, maana nyumbani robo ilikuwepo.

Lakini kulikuwa bado na mapande mia kadhaa mjini, na kila pande lilikuwa mteja asiyerudi. Ndipo gari lenye vipaza sauti likaanza kupita mitaani. Lilisema kwamba barafu kavu ni barafu mfu. Barafu hai hutoa jasho. Ukiona barafu yako haitoi jasho, jiulize inafanya kazi gani. Rudisha pande moja la zamani upate mawili mapya, na ndoo ya bluu yenye mfuniko.

Ndoo ndiyo iliyomaliza mambo. Foleni ilianza saa tisa za usiku na ilipita duka la dawa, ikapita msikiti, ikapita kanisa. Watu walibeba barafu zao kwa mikokoteni, kwa baiskeli, kichwani. Barafu hazikudondosha hata tone njiani. Walirudi na mapande mawili yanayovuja na ndoo, wakifurahi. Mama muuza samaki alimkuta Bubu akitoka zamu.

"Shemeji, na nyinyi pelekeni. Ile ya zamani haikuwa na raha. Hii unaiona kabisa inahangaika."

"Jioni itakuwa maji."

"Si nina ndoo?" akasema.

Mke wa Bubu hakupeleka. Mumewe hakumwambia apeleke wala asipeleke. Walisukuma robo yao ndani zaidi chini ya kitanda, wakaweka viatu mbele yake.

Karani, hata hivyo, alikuwa na hesabu ya kila pande lililotoka safu ya nne tangu ile Jumanne, na alipojumlisha yaliyorudi ilipungua robo. Alikuja na mlinzi wa getini. Hawakulazimika kuuliza sana. Mama muuza samaki alikuwa akiparua samaki nje, akaonyesha kwa kisu.

"Kwa Bubu ipo. Siku hizi mtoto wao hata zahanati haendi." Alisema bila ubaya. Alikuwa ameulizwa, akajibu.

Mke wa Bubu alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Tuliinunua. Kwa bei ya wafanyakazi, lakini tuliinunua."

Karani alikuwa na karatasi. Aliisoma yote, polepole, kwa adabu. Ilisema kwamba barafu ikiuzwa huwa ya mteja kwa muda wa kuyeyuka kwake. Barafu ambayo haijayeyuka haijamaliza kuuzwa. Barafu ambayo haijamaliza kuuzwa ni ya kiwanda.

"Nani kaandika huo upuuzi?"

"Mwanasheria, mama."

"Ana watoto?"

Karani alitazama karatasi kana kwamba hilo nalo lingekuwemo. Mlinzi aliondoa viatu kimoja kimoja, akavipanga vizuri ukutani, akaivuta robo. Binti alizitoa chupa zake, akazishika mikononi. Waliacha mapande mawili mapya na ndoo ya bluu.

Barafu zote zilizorudishwa zilirundikwa kwenye ghala la nyuma. Meneja alikusudia zipasuliwe na kutupwa, lakini kila aliyeingia kuzipasua alitoka akiwa ametulia na hana haraka, na baada ya wiki moja wakuu wote walikuwa wamehamishia vikao humo. Katika kikao kimojawapo mkubwa mmoja kutoka makao makuu, akiwa amevaa koti mwezi wa nne wa joto, alisema lile ambalo wengine walikuwa hawajalifikiria: kisichoyeyuka hakiuzwi, lakini kinakodishwa.

Yakaja mapande yenye muhuri wa bluu. Yalikodishwa kwa mwezi, kwa mkataba, kwa hoteli, kwa wasafirishaji wa maua, kwa nyumba zenye kuta ndefu, kwa mochwari. Gari la vipaza sauti sasa lilisema kwamba barafu isiyotoa jasho ni barafu yenye heshima zake. Wale waliokuwa wamerudisha zao kwa ndoo walilisikia wakiwa kwenye foleni ya asubuhi. Baadhi walisema biashara imekua. Mama muuza samaki alisema yeye alijua tangu mwanzo kuwa ile barafu si ya watu kama sisi.

Karatasi ya mlangoni ilibanduliwa. Wengine walijaribu kusema kaa, lakini mapande yao yaliyeyuka. Ilikuwa kwa Bubu tu. Akapewa cheo, Msemaji Mkuu wa Safu ya Nne, na wapakiaji walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Bubu alikwenda ofisini bila kuitwa.

"Naomba robo moja, bosi. Ya nyumbani."

"Hiyo ni bidhaa ya mkataba, Bubu. Nikikupa wewe, kesho mpakiaji, keshokutwa mlinzi. Nitakuandika kwenye orodha ya wanaosubiri."

"Basi sisemi."

Hakusema siku mbili. Mapande ya bluu yalikwenda hotelini na kurudi yakiwa maji ndani ya turubai. Siku ya tatu meneja hakumfokea. Alileta tu wapakiaji kumi na mmoja, akawapanga mbele ya safu ya nne, na kueleza kwamba safu isiyozalisha hufungwa pamoja na watu wake. Kisha akaondoka. Wapakiaji walisimama hapo. Yule aliyezoea kumtania alikuwa amepata mtoto wiki hiyo. Alikuwa akiangalia mabuti yake. Hakuna aliyemwomba Bubu kitu. Kama wangemwomba ingekuwa rahisi kukataa.

Bubu aliinamisha kalibu, akapiga kofi, akasema neno.

Alijaribu njia nyingine. Nyumbani aliliambia pande la kawaida likae, akaliambia tena na tena mpaka sauti ikakauka. Lakini barafu husikia mara moja tu, inapotoka kwenye kalibu, na baada ya hapo haina masikio. Iliyeyuka ikimsikiliza. Siku moja alificha kipande cha ukubwa wa ngumi ndani ya kofia. Getini mlinzi alikuwa na amri ya kugusa kila barafu inayotoka: kiganja kikilowa, pita, kikibaki kikavu, simama. Aliingiza mkono kwenye kofia, akautoa, akautazama.

"Bubu, usinivunjie kibarua. Nami nina watu."

Alikirudisha kipande ghalani mwenyewe na hakumripoti. Walisalimiana kama kawaida kila siku baada ya hapo.

Zahanati nako hakukuwa na la kufanya. Muuguzi alifungua kabati la chanjo awaonyeshe Bubu na mkewe. Ndani mlikuwa na ndoo mbili za bluu.

"Letu tulilipeleka sisi wenyewe," alisema. "Amri ilitoka juu."

Basi ikawa robo ya kuyeyuka, kila siku, na Bubu alijifunza kukimbia na mabuti. Mkewe alichimba shimo sakafuni, akaweka mchanga uliolowa. Binti alihamisha chupa zake kadiri barafu ilivyopungua, na mchana, wakati wazazi hawapo, alikaa kando yake akiipepea kwa daftari. Alijua kusema ni saa ngapi kwa kuitazama tu. "Imebaki kama sabuni ya kufulia," angemwambia mama yake akirudi. Au: "Imebaki kama sabuni ya kuogea." Mwezi wa tano dawa ilikufa mara tatu. Mguu wake wa kushoto ulipata kidonda kisichofunga. Aliacha shule, akaacha kubishana kuhusu vyombo.

Alifariki mwezi wa sita wa joto, Alhamisi, saa nane mchana, chupa mbili zikiwa ndani ya maji. Baba yake alikuwa kazini. Siku hiyo safu ya nne ilikuwa imetoa mapande kumi na mawili, yote ya bluu, na yote yalikuwa yameshaondoka.

Ndugu walikuwa mbali, njia ya siku mbili. Mjomba wake binti, kaka wa mama yake, ndiye aliyesema kwa simu asizikwe kabla hawajafika. Jioni hiyo lori la kiwanda lilisimama mlangoni. Meneja alikuwa ametuma pande zima la bluu, bila malipo, kwa siku mbili, kwa heshima ya mfanyakazi wa muda mrefu. Dereva alileta pia rambirambi kwenye bahasha na karatasi ya kutia sahihi. Bubu alitia sahihi.

Walimlaza binti juu ya pande, kwenye shuka jeupe. Chumba kilipoa. Majirani waliokuja kutoa pole walikaa muda mrefu kuliko walivyokusudia, na mama muuza samaki alilia kwa kweli, akampikia kila aliyekuja. Mmoja wa wageni alisema barafu hii ni nzuri, na wengine wakakubali. Usiku wote mke wa Bubu aliweka mkono mmoja juu ya paji la uso la mwanawe na mwingine juu ya barafu, na mikono yote miwili ilikuwa mikavu.

Jumamosi ndugu walifika, wakazika. Jumapili asubuhi lori lilirudi. Dereva alikuwa peke yake siku hiyo, msaidizi wake alikuwa mapumzikoni, akasimama mlangoni na koleo la kubania barafu mkononi, akisitasita kuingia.

"Samahani, kaka. Wameniambia nilichukue kabla ya saa nne. Linatakiwa hotelini."

Bubu alimwonyesha kiti asubiri, akaingia, akalikunja shuka. Dereva alitoa rula, akalipima pande urefu na upana, akageuza karatasi na kuandika: limerudi kamili. Kisha wakainama, mmoja kila upande. Bubu alimwelekeza ashike wapi, maana pande zima ni zito na mtu asiyelijua huumia mgongo.